Marahaba ya Kijani

Juzi nilikuwa steshenari hapa Songea mjini, nangoja kutoa kopi. Mbele yangu mama mmoja wa kata ya Mshangano alikuwa anajaziwa maombi ya mbolea ya ruzuku kwenye kompyuta. Dada wa dukani akabonyeza, kikatokea kiboksi cha kijani: "Imefanikiwa." Chini yake, kwa maandishi mekundu: "Mkulima hajapatikana."

"Hajapatikana nani, na mimi nimekaa hapa?" Mama akajigusa kifua.

Dada akampigia fundi aliyetengeneza mfumo, akaweka spika. "Kijani maana yake seva imejibu," fundi akasema. "Siyo kwamba imekubali."

Mimi nilisoma kile kiboksi tena na tena, sikuelewa.

Mama akafikiri, akisugua udongo mkavu kwenye kidole gumba. "Kumbe imeitikia shikamoo tu. Shida yangu haijaisikiliza."

"Tujaribu tena, mama," dada akasema, akabonyeza. Kijani kikarudi, kinang'aa.

Mama akainama hadi karibu na kioo cha kompyuta. "Marahaba tumeipata, baba. Mbolea je?"

Nje mvua ya kupandia ilikuwa imeanza. Tangu siku ile najiuliza: ni ofisi ngapi zimenijibu kijani, nami nikaondoka nikishukuru?