Nyumba Waliyoachiwa Ndama

Siku yangu ya kwanza kazini, Gorong'a, nilirudi nyumbani macho mekundu kama mlevi wa gongo. Nilikuwa Bibi Afya mpya. Kazi yetu ilikuwa kuingia majumbani kwa watu, kukagua choo, maji, jiko na mahali pa kulala. Mkuu wangu, Bwana Afya wa tarafa, aliingia nyumba moja ya nyasi, akakohoa kwa moshi, akatoka mbio.

"Andika nyumba duni," akasema akijifuta macho. "Wajenge za bati, yaishe!"

Basi wimbo ukawa huo kila mkutano: bati, tofali, saruji. Moshi nao utatokea wapi? Jamani, hilo halikuwa na mwenyewe. Nyasi hupenyeza moshi polepole, bati linauzuia. Ndiyo maana nyumba ya bati hudai matundu ya hewa, vile vitobo juu ya madirisha. Nilimkumbusha mkuu, akanijibu nisiwachanganye wananchi.

Miaka yangu ya mwisho kazini nikahamishiwa Nyangoto. Huko watu walikuwa wamejenga kweli, tena nyumba za kupendeza, halafu kwa hofu ya wezi wakaziba kila tundu kwa tofali. Siku moja niliitwa kwa Bhoke, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Mkwewe, Mama Chacha, alimlaza kama alivyolazwa yeye enzi zake: mzazi hatoki nje, na moto unawaka chumbani mchana kutwa. Ukuta wa nyuma ya kitanda ulikuwa mweusi kwa kuvu, ule ukungu unaoota penye unyevu, na ulinuka kama gunia lililolowa. Mtoto alipumua mbavu zikibonyea ndani. Hiyo ni dalili ya nimonia kali.

"Shikamoo mama. Mtoto aende zahanati sasa hivi, na tundu hili tulizibue."

"Marahaba. Wezi wakija, utapiga yowe wewe?"

Pikipiki ilipatikana. Mtoto alifia njiani, mikononi mwa mama yake.

Msibani Mama Chacha alinishika mkono. "Mwanangu, kwenye nyasi nilizaa saba, wakakua wote. Mkasema nyumba ile ni chafu, nikaibomoa. Sasa niambie." Niliumia sana, na bado naumia.

Nimestaafu, naishi Mugumu. Juzi nilikwenda kuwasalimu. Mama Chacha amejenga tena kibanda cha nyasi kando ya ile nyumba ya bati, na Bhoke analala humo na kichanga mwingine, wa kike.

"Ile nyumba yenu safi tumewapa ndama," bibi akaniambia, akacheka kidogo.

Nikainama kuingia kibandani. Moto uliwaka katikati, dirisha hakuna, na mtoto alikuwa anakohoa. Kikohozi kile nakijua. Nilifungua mdomo niseme aende zahanati, nikamwona Bhoke ananitazama, akamvuta mtoto kifuani na kunigeuzia mgongo.