Bunduki ya Elektroni ya Coralie Tregenza

Coralie Tregenza alikuwa na miaka hamsini na tisa, na katika maabara yake pale Adelaide hakuna aliyeruhusiwa kuvuka mstari wa njano akiwa amevaa mkanda. Funguo, saa, hata vibanio vya nywele, chochote chenye chuma kiliachwa kwenye bakuli la plastiki mlangoni. Profesa Noske mwenyewe, mkuu wa maabara, aliwahi kuwapokea wageni huku ameishikilia suruali kwa mkono mmoja. Watu walicheka. Coralie hakujali.

Alianza kazi kwa fundi wa meno ya bandia, kabla chuo kikuu hakijamchukua kwenye karakana. Miaka thelathini na moja sasa. Bunduki ya elektroni iliyokaa ndani ya chemba ya chuma kisichoshika sumaku aliiunda yeye, hadi skrubu ya mwisho ya shaba. Ilifyatua elektroni kwenye mvuke wa sodiamu, ambao atomi zake zilikuwa zimeshaamshwa na leza ya njano. Elektroni iliyogonga atomi iliyoamshwa iliweza kuipokonya nguvu na kutoka kwa kasi kubwa kuliko ile iliyoingia nayo. Upande mmoja zilitoka nyingi, upande wa pili chache. Mwanga wa leza, uliokwenda ukizunguka kama skrubu, ukigeuzwa uzunguke kinyume, pande hizo hubadilishana.

Jumatatu ile ya Machi 1989 hazikubadilishana. Kulia kulizidi, wakageuza mwanga, kulia kukazidi vilevile.

Dokta Lachlan Pym, mtafiti kijana aliyekuwa akiendesha jaribio, alikuja na fomu.

"Bunduki imepinda, Coralie. Tia sahihi hapa kwamba ina kasoro, tuagize ya kiwandani."

"Na mimi mtaniagizia nini? Kiti cha kubembea?"

Pym alitazama viatu vyake. Wote walijua: bunduki ikiondoka, fundi wake atastaafishwa pamoja nayo.

"Usiliweke moyoni. Kila kitu huchakaa."

"Mimi nimechakaa, sawa. Lakini bunduki iliyopiga vizuri Alhamisi, leo imepindaje? Ililalia ubavu?"

Profesa Noske, aliyesimama mlangoni, alimeza kipande cha sambusa yake kubwa ya nyama na viazi. "Corrie, mama, tia sahihi tuendelee. Wageni wanakuja Ijumaa."

"Profesa, jina langu siliweki chini ya uongo. Nifukuze kwanza, kisha uwaambie hao wageni ni nani atakayewasha mtambo."

Akaenda kwenye droo yake, akatoa dira ya marehemu baba yake, mchimba shaba wa Moonta. Koili kubwa za waya wa umeme zilizozunguka chemba zilikuwa zimefuta nguvu ya sumaku ya dunia. Ndani yake dira haikuwa na kaskazini, sindano yake ilizurura tu kama mlevi. Coralie aliijua tabia hiyo kuliko alivyoijua saa yake.

Akaingiza mkono kati ya koili. Sindano haikuzurura. Ilisimama tuli kama askari, ikilenga pazia jeusi la leza.

"Haya, wasomi. Niambieni kaskazini imehamia lini huko."

Alilivuta pazia. Nyuma yake, kwenye fremu ya rafu ya vyombo, tochi nene ilikuwa imejishika kwa sumaku ya kitakoni.

"Ya nani hii?"

Masikio ya Pym yaliwaka. "Yangu. Niliiweka Ijumaa nikikagua tanuru la kuvukizia sodiamu. Mifukoni nilitoa kila kitu, Coralie, naapa. Tochi ilikuwa… mkononi."

Profesa alianza kucheka, akaona uso wa Coralie, akaacha.

Tochi, na sumaku yake iliyokuwa ikizipindisha elektroni zote kulia, ilitolewa hadi ng'ambo ya mstari. Wakahesabu upya: kulia kulizidi. Coralie akageuza mwanga kwa mkono wake mwenyewe. Kushoto kukazidi.

"Bunduki yako iko sawa," Pym alisema polepole.

"Najua. Nilikwambia asubuhi."

Aliigeuza ile fomu, akaandika nyuma yake kwa herufi kubwa, HATA MKONONI, akaibandika kwa gundi ya karatasi juu ya bakuli la mlangoni. Kisha akampa Pym kalamu.

"Sasa tia sahihi wewe."

Pym akatia. Coralie akanyoosha kidole kiunoni kwa Profesa Noske, aliyekuwa tayari amekanyaga mstari wa njano.

"Na wewe. Mkanda."