Mistari Minne Kisiwani Funzi

Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi, niliondoka Ukunda kwenda Funzi kumpelekea bibi simu. Baba ni baharia kwenye meli ya mizigo, na alikuwa ameandika kwamba siku hiyo watatia nanga, angepiga baada ya alasiri. Bibi, mamake, alikuwa mgonjwa wa kulala tu. Baba alikwenda zake baharini bila kumuaga, na tangu hapo hawakusemezana. Sasa alitaka radhi. Na kwetu radhi haiandikwi. Hutamkwa, na mwenyewe akaisikia.

Kabla ya kupanda gari nilipitia kwa fundi, maana simu yangu ilikuwa imezima wiki hiyo.

"Siste, ilikuwa imekufa kabisa," akasema. "Nimeimwagia programu yote ya simu ingine kama hii. Cheki mistari ya mtandao, imejaa!"

Nilisema asante kwa sauti ambayo sidhani aliisikia.

Tulipoipita Msambweni, simu ya mama mmoja kando yangu ilikatika akiwa katikati ya maneno. Akaichungulia yangu.

"Loo! Yako imejaa vile! Mwanangu, umeifanyia dawa gani?"

Abiria wakacheka. Niliona haya, lakini nilifurahi.

Bodo nilipanda boti ya injini, na adhuhuri nikafika Funzi. Bibi alikuwa amelala kaelekea ukutani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mke mwenzangu, umekuja kuninyang'anya mume hata sijafa?"

Ndivyo alivyokuwa akinitania siku zote.

Shangazi Mwanasha, dadake baba, ndiye aliyekuwa akimuuguza. Alitoa kabambe yake, kisimu cha vibonyezo, tukaziweka simu mbili mkekani. Yake ilikuwa na mstari mmoja, yangu minne.

"Hii yangu ina tochi tu, ya kuendea chooni," akasema.

Nikaichukua kabambe hiyo hiyo nikamwandikia baba: Piga kwangu, ya shangazi haishiki. Ujumbe ukaenda mara moja. Haikunijia akilini kabisa kwamba umekwenda kwa simu niliyokuwa nikiidharau.

"Basi nakwenda nayo Bodo," shangazi akasema, "dawa zimekwisha."

Alasiri ikaingia. Niliishika simu mikononi. Niliipeleka dirishani, nikaipeleka mlangoni, mistari haikupungua hata mmoja, na mimi nikaona hiyo ni dalili njema. Sikupiga hata simu moja ya kujaribu.

"Bibi, isiposhika, nimwambie nini?"

"Nitamwambia mwenyewe."

Hakugeuka. Baada ya hapo akawa anapumua tu.

Karibu na magharibi shangazi aliingia mbio, viatu mkononi.

"Umeizima simu? Kaka amenipigia huko Bodo, yuwasema yako haipatikani!"

"Sijaizima," nikasema, nikamwonyesha. Mistari minne.

Kabambe ikalia. Shangazi akaiweka sikioni mwa bibi, na sisi sote tukasikia: "Mama? Mama, niradhie." Bibi akafumbua macho. Midomo ikatikisika. Neno halikutoka. Baba aliita mpaka laini ikakatika. Bibi alifariki kabla ya isha.

Jumapili tulimzika. Nilirudi Ukunda jioni, nikapita kwa fundi nikaiweka simu mezani bila salamu. Nilipomweleza, aliigeuza simu mkononi. Kisha akanifahamisha. Simu hupima nguvu ya mawimbi yanayoingia, lakini kila moja ina kosa lake dogo, kama mizani. Kwa hivyo kiwandani hupewa mawimbi ambayo nguvu yake inajulikana, na masahihisho yake huwekwa ndani. Yeye alifuta masahihisho ya simu yangu akatia ya simu nyingine. Hata hiyo mistari, kila kampuni hujichorea inavyotaka.

"Na kutuma pia kuliharibika," akasema. "Simu yako inasikia mnara, lakini mnara hauisikii. Hapa Ukunda mnara uko karibu, ndiyo maana ilishika. Pole sana, siste."

Nimesoma mawimbi darasani. Nilipata alama nzuri. Haikunisaidia chochote.

Asubuhi ya Jumatatu simu ya mama ililia nikiwa nimevaa sare ya shule. Alikuwa baba. Mama akanipa.

"Wewe ndiye uliyekuwa naye," baba akasema. "Alisema nini juu yangu?"

Ningeweza kumwambia kwamba alimradhia. Neno lilikuwa mdomoni.

"Nilimuuliza nikwambie nini. Akasema, nitamwambia mwenyewe."

Nilisikia mashine za meli.

"Alisema kwa sauti gani?"

Nikaisema tena, kwanza kwa ukali, kisha kwa upole. Zote mbili zilikuwa sauti yangu.