Aliyenitembeza Katesh Siku ya Mnada

Anayetaka kunibishia anibishie sasa hivi, kabla sijaanza, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Nimechoka na vijana wanaonisikiliza huku wakikonyezana. Eti bibi aliota. Ndoto gani inayokufungia mlango wa nyumba uliyoolewa ukiwa na mimba? Haya yalinipata mimi mwenyewe, Katesh, enzi za Mwingereza, na akili zangu zote zilikuwa kichwani.

Nilizaliwa Dongobesh, huko Mbulu. Baba yangu alikuwa Mrangi, muuza chumvi na shuka, na majirani zetu walikuwa Wairaqw, ambao siku hizo kila mtu aliwaita Wambulu. Nawataja kwa sababu bila wao hutaelewa jinsi nilivyodanganyika. Zamani zile, kwao nyumba ikifiwa ilitengwa kwa muda mrefu. Waliita metimani. Watu wa nyumba hiyo hawakupeana mikono na wengine, hawakula chombo kimoja na wengine, wala hawakuingia kwa mtu. Rafiki yangu wa utotoni alifiwa na baba yake, nikakatazwa kucheza naye. Akawa anasimama ng'ambo ya shamba la mahindi, ananitazama tu. Niliwakasirikia wakubwa wote, wao na wetu, na hasira ile haijaisha.

Nikaolewa na Ramadhani, dereva wa lori. Mimba ilipofika miezi sita alinipeleka Katesh kwa mama yake, nikajifungulie huko. Mama mkwe alikuwa mjane mwenye duka dogo na nyumba ya bati pembeni mwa soko. Nilimpigia magoti, nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akanishika mikono yote miwili, akacheka. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. Nilifurahi, mjinga mimi. Kesho yake Ramadhani aliondoka na lori kwenda Singida, nikabaki naye.

Siku iliyofuata ilikuwa ya mnada. Jua lilipoanza kuinama, mama mkwe alinipa kabakuli la bati la rangi ya buluu. "Nenda ukautembelee mji, mwanangu," akasema. "Siku ya mnada Katesh inachangamka hadi usiku. Utakachopewa, pokea. Na ukipata mwenzio wa kukutembeza, usimkatae."

"Hatuendi wote, mama?"

"Miguu yangu hii," akasema, akaisugua.

Miguu yake! Miguu yake ilikuwa mizima kuliko yangu iliyovimba kwa mimba. Lakini mkwe mgeni ana kauli gani? Nikajitanda kanga, nikaenda.

Wallahi, Katesh ilinipendeza. Mlima Hanang ulikuwa umevaa wingu kichwani, na chini yake vumbi la ng'ombe lilikuwa jekundu kwa jua la jioni. Wafugaji walikuwa wamemaliza kuuza, wamejifunga mashuka yao, fimbo mabegani, wanasimama makundi makundi. Duka la Mhindi liliwashwa karabai, na gramafoni iliwekwa barazani, watoto wamelizunguka hilo bomba lake kama wanataka kuingia ndani. Harufu ya nyama ya mbuzi ilikuwa kila mahali. Mimi mja mzito, mate yalinijaa.

Hapo kwenye wachoma mahindi ndipo nilipomwona. Msichana wa umri wangu, mwembamba, shuka nyeusi, na mimba kubwa kunizidi. Alisimama mbali kidogo na watu. Nilimpa mkono, hakuupokea. Nikasema hujambo, hakuitikia. Akauliza tu, "Dada, umekuja kuuona mji?"

Lafudhi yake ilikuwa ya kwetu, ya milimani Mbulu. Hapo nikadhani nimeelewa. Huyu amefiwa, nikasema moyoni, yuko kwenye metimani. Ndiyo maana hagusi mtu. Ndiyo maana yuko mbali na watu. Nani mwingine angefikiri hivyo? Mrangi wa kule kwetu Kondoa angeshtuka akakimbia. Mimi, kwa kuwa nimelelewa Dongobesh, nilimwonea huruma.

"Nitembeze," nikamwambia.

Jambo moja tu lilinishangaza. Ilikuwa kiangazi, ardhi imepasuka, lakini pindo la shuka yake lilikuwa limelowa na lina tope. Nikafikiri ametoka kuteka maji.

Akanipeleka kwanza kwa mama wa vitumbua. Yeye hakusogea, alibaki nyuma yangu. "Vya huyu vinanukia iliki," akasema. "Harufu yake inafika hadi barabarani."

"Hujavila?"

"Niliomba."

Mama wa vitumbua aliinua macho, akatazama nyuma yangu, akayashusha haraka. Akanijazia vitumbua kwenye kabakuli. Nilipofungua fundo la kanga nimlipe, akatikisa kichwa. "Nenda tu, mgeni. Nenda."

Nikasema, jamani, watu wa Katesh wana ukarimu! Kwa mchoma nyama ikawa hivyo hivyo. Alinikatia mbavu na kipande cha ini, akanyunyiza na chumvi, hakutaka hata senti. Msichana akasema, "Huyu alikuwa na moto mkubwa siku ile. Nilitaka kuota tu."

"Akakukatalia moto?"

"Alisema nitamfukuzia wateja."

Nilichemka. Niligeuka nimwambie yule mwanamume maneno, lakini alikuwa ameshatupa kisu na kwenda nyuma ya kibanda. Tukapita barazani kwa Mhindi. Santuri ilikuwa inaimba, na vijana walikuwa wanacheza kwa madaha. Tulipokaribia, walitupisha njia, wote, na hakuna aliyetazama upande wangu wa kushoto alikokuwa yeye. "Hapa nililala chini ya baraza," akasema. "Mlinzi akaniamsha kwa mguu." Tukapita kilabu cha pombe ya asali, ambako wafugaji walikuwa wameanza kuruka na wake zao wanaimba, na nyimbo zikanyamaza mpaka tulipokwisha kupita. Tukapita msikiti wetu wa udongo. Nikamwambia, "Hapa je? Hapa ni kwetu, hatuna miiko ya kutenga wafiwa."

"Hapa waliniuliza mume wangu ni nani."

Niamini, niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Nikamshika, au nilitaka kumshika, mkono ukaona baridi kama umetiwa kwenye mtungi wa maji, nikauondoa. Bado sikushtuka! Hasira ilinijaa, haikuacha nafasi ya woga. Nikamwambia, "Kaa chini. Leo unakula na mtu." Tukakaa kwenye gogo karibu na josho la ng'ombe. Nikaweka kabakuli katikati, nikasema bismillahi, nikamega nyama, nikamsogezea upande wake. Akala. Nilimwona akitafuna, namwambia anayenisikia, nilimwona kwa macho haya.

Watu walikuwa wakituangalia kutoka mbali. Wanaume kwa wanawake, wamesimama kimya. Nilidhani wananilaumu kwa kuvunja mwiko. Kumbe walikuwa wanaona mwanamke mmoja amekaa kwenye gogo, anagawa nyama na hewa. Walijua anagawa na nani. Na hakuna hata mmoja, hata mmoja, aliyeniita kwa sauti akasema, wewe binti, ondoka hapo!

Alipomaliza akasimama. "Pamebaki pa mwisho," akasema. "Twende nikuonyeshe."

Giza lilikuwa limeshaingia. Akatangulia, nikabeba kabakuli langu, tukaliacha soko, tukapita nyuma ya maduka. Mara nikaiona nyumba ya bati, na taa ya chemli dirishani. Nyumba ya mama mkwe.

"Humu kuna mama," akasema msichana. "Mvua ilikuwa kubwa na uchungu ulikuwa umenishika. Nikapiga hodi. Nilimsikia akikohoa. Taa ilikuwa inawaka."

Akanionyesha dirisha kwa kidole.

"Akaizima."

Na hapo hapo, nikiwa naitazama, taa ya dirishani ikazimika.

Sasa ndipo woga ulipokuja, wote kwa pamoja. Nilikimbilia mlango, nikausukuma. Ulikuwa umekomewa. "Mama! Nifungulie!"

Ikaja sauti ya mama mkwe, karibu kabisa, nyuma ya ubao. "Uko peke yako?"

"Mama, fungua!"

"Nakuuliza, uko peke yako?"

Nikageuka. Msichana alikuwa amekaa kizingitini, amejikunja, ameshika tumbo lake, na maji yanamtoka kwenye shuka kama ndiyo kwanza ametoka kwenye mvua. "Yupo," nikasema.

"Amekula?"

Hebu fikiria. Amekula? Yaani alijua! Alinipa kabakuli akijua, akanituma akijua, na mjukuu wake tumboni. Nilipoelewa hivyo, tumbo langu likakaza. Likakaza likaachia, likakaza tena. Miezi sita, na uchungu umenianza kwenye mlango uleule.

"Mama, mtoto anatoka! Mtoto wa Ramadhani!"

Hakufungua. Niliita majirani. Nikaona taa ya nyumba ya pili inazimwa, na ya tatu. Niliwatukana. Niliutukana mji mzima wa Katesh, matusi ambayo sikujua kama ninayajua. Kisha nguvu zikaniisha, nikakaa kizingitini kando yake, maana palikuwa hapana pengine pa kukaa.

Msichana akasema, "Usisukume. Lala ubavu." Akaweka mkono wake mgongoni kwangu. Baridi yake ilipenya hadi kwenye mfupa, na kila ulipokaa, maumivu yalipungua. "Mimi sikuwa na mtu wa kuniambia," akasema. Alikaa nami. Aliyekufa ndiye aliyekaa nami, walio hai wako ndani wamevuta mablanketi. Niambie wewe, hapo nani wa kuogopwa?

Nilipozinduka kulikuwa kumekucha, mtoto anapiga teke tumboni, na lori la Ramadhani linanguruma barabarani. Kizingiti kilikuwa kimelowa upande mmoja. Ndani ya kabakuli, sehemu yake ya nyama ilikuwepo yote, haijaguswa. Mbwa wa jirani alikuja akainusa, akarudi kinyumenyume.

Mama mkwe alieleza yote mbele ya mwanawe, maana nilimwambia Ramadhani kwamba asipoeleza naondoka kwa miguu. Msichana yule alipata mimba nyumbani kwao kabla ya kuolewa, na desturi ya wakati ule ikamfukuza avuke mpaka, asizalie kwenye ardhi yao. Akateremka Katesh jioni ya mnada, mvua inanyesha, akabisha kila mahali. Walimkuta asubuhi nyuma ya nyumba hii, amekufa na mwanawe tumboni. Wakamzika nje ya mji, wakanyamaza. Tangu hapo, jioni za mnada, akawa anarudi kubisha hodi. Wakagundua kwamba akipata mgeni wa kula naye, hapigi hodi kwao. Ndiyo maana chakula walikitoa bure. Mnunuzi wa ng'ombe kutoka Singida alikula naye, akaugua akapelekwa kwao kwa machela. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

"Sisi tunamjua," mama mkwe akasema, analia. "Anayemjua hathubutu kula naye."

"Mama," nikamwambia, "lile kabakuli lilikuwa la kwako. Ungelipeleka mwenyewe."

Siku hiyo hiyo tulipakia vitu kwenye lori tukarudi Dongobesh. Binti yangu alizaliwa salama, mwezi wake ulipotimia. Lakini mgongoni, pale ulipokaa mkono ule, pana mahali hapajawahi kupata joto hadi leo. Nimekanda kwa maji moto, nimepaka mafuta ya kondoo, nimesomewa. Weka mkono wako hapa kama unabisha.

Na mama mkwe? Kwa miaka mingi sikutaka hata kusikia jina lake. Halafu jioni moja, masika, mvua inapiga bati, nikasikia hodi. Nikauliza nani. "Mimi, mwanangu," ikasema sauti ya kizee. Nikachungulia kwenye ufa wa mlango: alikuwa amekuja kwa lori la watu, amelowa, na kifuani amekumbatia lile kabakuli la buluu.

"Nimekula naye," akasema kupitia mlango. "Nilipeleka mwenyewe. Nifungulie, ninasikia baridi."

Taa ilikuwa mkononi mwangu. Nitasema ukweli wa Mungu: nilitamani kuizima. Nilitamani asimame pale mpaka asubuhi, ajue. Pale mgongoni pakaanza kuuma kwa baridi, kama mtu amenigusa tena.

Nilifungua. Nilifungua nikiwa na hasira, nikampa nguo kavu nikiwa na hasira, na kwa miaka aliyoishi kwangu mpaka nilipomzika hasira hiyo haikutoka. Kwa hiyo usije kuniambia eti huwezi kumfungulia mtu kwa sababu hujamsamehe, au humjui mumewe, au atakufukuzia wateja. Ukisikia hodi, fungua. Kama una ugomvi naye, mgombeze akiwa ndani.