Maji ya Kwanza

Nyumbani walimwita Betri. Jina lilianzia kwa mume wake, fundi wa simu, ambaye jioni moja alimkuta amelala na viatu miguuni akasema, "Huyu betri yake haishiki chaji tena." Wifi yake, aliyekuwa akiishi nao tangu ndoa yake ivunjike, alicheka mpaka akashika ukuta. Betri mwenyewe alicheka pia. Baadaye hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwamba na yeye alicheka.

Alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Shuka zilitoka kwenye mashine ya pasi zikiwa za moto, naye alizikunja na mwenzake, ncha kwa ncha, mmoja akivuta nyuma, mwingine akija mbele, huku umbea ukienda sambamba na kazi. Kisha akaugua homa. Homa ikaisha, nguvu hazikurudi. Alilala akaamka amechoka kuliko alivyolala. Ngazi za nyumbani kwake alizipanda akiketi katikati, kama mgeni asiyejua mlango wa kubisha. Kazini, mwenzake wa shuka alianza kuja mbele yeye kila mara ili Betri asisogee, wala hakulitaja hilo hata siku moja. Nyumbani hakuna aliyesogea.

Vipimo vya hospitali vilirudi safi.

"Huna kitu, mke wangu," alisema fundi, mita yake ya kupimia simu mkononi. "Mita haidanganyi."

"Na kitanda nacho kina utamu wake," wifi akadakia.

Mwenzake wa shuka ndiye aliyempeleka kwa tabibu wa tiba ya Kichina, mama mmoja mwenye chumba juu ya duka la rangi. Mama huyo alimshika mapigo mkono huu, akamshika mkono ule, akamwambia atoe ulimi, akautazama kama mtu anayesoma. Kisha akauliza:

"Ukiamka asubuhi, unajisikia umepumzika?"

"Hapana."

"Na ukijitutumua leo, mwili unakuadhibu lini?"

"Kesho yake. Na keshokutwa."

Mama akaitikia kwa kichwa, akaandika. Betri alishikwa na hasira ghafla. Swali jepesi namna hiyo, na hakuna aliyewahi kumuuliza!

"Kukuponya siahidi," mama alisema. "Wapo wanaopata nafuu, wapo wasiopata. Tujaribu."

Sindano zilikuwa nyembamba kama unywele. Alimchoma chini ya magoti, kwenye vifundo vya mikono, na moja utosini. Hazikuuma, zilileta uzito tu, kama mtu anayembonyeza kwa kidole. "Sasa usijigeuze," mama alisema. "Mtu yeyote akikuita, usiitike." Betri akabaki anatazama dari, viganja juu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulala mchana bila kujitetea.

Alipoondoka alipewa pakiti za mizizi, magome na mbegu. "Unaloweka, unachemsha polepole, unachuja. Unaongeza maji mapya, unachemsha tena. Maji ya kwanza na ya pili unayachanganya, ndiyo dawa. Lakini kusimama jikoni muda wote huo si kwako. Nani atakuchemshia?"

"Wifi yangu," Betri alisema.

Wifi alichemsha, ila si kimya kimya. "Nyumba inanuka kama stoo ya mbao! Mimi nimegeuka mpishi wa mizizi!" Wiki zikapita. Kila baada ya sindano Betri alipata usingizi wa maana siku moja, mbili, basi. Kwenye dawa hakuona kitu.

"Si nilisema?" fundi aliuliza huku anacheka. "Mizizi itachaji betri?"

Usiku Betri alijilaumu. Labda ni kweli, alijiambia, labda najidekeza. Hapo ndipo alipoanza kuwaamini.

Siku moja mashine ya pasi ikaharibika, wakaruhusiwa mapema. Alifika nyumbani, akamkuta wifi yake kwenye sinki anamwaga maji meusi kutoka kwenye sufuria.

"Unamwaga nini?"

"Maji ya kwanza. Machungu hayo, wifi! Nayamwaga kama ya maharage."

"Leo tu?"

"Siku zote. Ungeyanywaje? Nilikuonea huruma."

"Nilikuambia yachanganywe."

"Uliniambia redio ikiwa inaimba. Halafu tusidanganyane, wifi. Kwani unaumwa wewe? Umedekezwa tu."

Betri hakupiga kelele. Alienda sebuleni, ambako mume wake aliweka meza yake ya kazi. Mteja mmoja alikuwa amekaa kitini anasubiri simu yake. Betri alijilaza kwenye kochi, chali, viganja juu, viatu miguuni.

"Vipi tena?" fundi akanong'ona. "Kalale chumbani basi. Kuna mteja."

"Chumbani nimejificha vya kutosha. Leo nalala hapa." Sauti yake ilikuwa tulivu, nayo ilimtisha yeye mwenyewe. "Fundi, droo yako ya chini ina nini?"

"Simu."

"Simu gani?"

"Mbovu. Zile ambazo mita inasema ni nzima, lakini haziwaki."

"Wenyewe wakija, unawaambiaje?"

Fundi alishika bisibisi yake, akaiweka. "Nawaambia sijaona tatizo liko wapi."

"Huwaambii simu inadeka?"

Mteja alikohoa, akayatazama magoti yake.

"Dada yako anamwaga dawa yangu tangu siku ya kwanza. Wewe unacheka kwamba hainisaidii. Na hilo jina mlilonipa, kuanzia leo sitaliitikia."

Wifi alisimama mlangoni na sufuria tupu mkononi, akafungua mdomo.

"Mwache," fundi alimwambia. Akainuka, akaichukua ile sufuria, akamgeukia mke wake. "Pakiti nyingine ziko wapi?"

"Juu ya kabati."

Mteja akaaga, akasema atapita kesho. Jikoni maji yalianza kuchemka, harufu ya magome ikajaa sebuleni. Ukapita muda.

"Haya maji ya kwanza nisiyamwage?" fundi aliuliza kutoka jikoni.

"Usiyamwage."

Muda mwingine ukapita. "Jamani, nimesimama mpaka miguu inawaka moto!"

Mke wake alitaka kucheka, lakini hasira ilikuwa haijamaliza kazi yake. Hakujigeuza.

"Bado ya pili," alisema.