Kibao cha Mgeni wa Eswatini

Pale ukumbi wa mikutano walimwita Bi Vibao, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka ishirini na sita, kila mgeni aliyeketi kwenye ile meza ndefu alikuta mbele yake kibao cha karatasi ngumu, na juu yake jina la nchi yake kwa Kiingereza, limeandikwa na Bi Vibao kwa brashi na wino mweusi. Usidhani ni kazi ya mchezo. Alikuwa na daftari la jalada la kijani, na humo kila nchi iliandikwa kama wenyewe wanavyotaka iitwe. Gambia hutangulizwa na "The", Ukraine haitangulizwi. Nchi ikibadili jina, alikata la zamani kwa rula, akaandika jipya juu yake.

"Jina la nchi ni la wenye nchi," alizoea kuwaambia wahudumu. "Ukilikosea, ni sawa na kumkaribisha mtu kwako halafu ukamwita kwa jina la jirani."

Kisha akamleta Chekacheka. Huyo ni mtoto wa mdogo wake, ana miaka ishirini na minne, meno nje saa zote. Bi Vibao ndiye aliyembembeleza meneja mpaka binti akapata kazi, na wiki tatu za mwanzo alitembea naye kifua mbele. Wiki ya nne, binti akachapa vibao themanini kwa kompyuta kabla ya chai ya saa nne. Meneja akashika kimoja, akakigeuzageuza, akasema, "Hii ndiyo kazi sasa!" Miaka ishirini na sita hakuwahi kumwambia Bi Vibao hivyo. Siku ile Bi Vibao aliiacha chai yake ikapoa.

Tusizungukezunguke: alimwonea wivu, tena ule wivu wa kumfanya mtu ahesabu vicheko vya mwenzake. Alivionea wivu vidole vyake, macho yake yasiyohitaji miwani, hata kile kiti chake kipya chenye magurudumu. Na kilichomuudhi zaidi ni kwamba binti mwenyewe hakuwa na kinyongo. Alimletea chai, akamfutia miwani, akacheka naye. Mtu wa hivyo unamchukiaje? Bi Vibao aliweza.

Basi ukaja waraka. Ulisema Swaziland, kwa Kiingereza, sasa iitwe Eswatini. Zamani angekimbilia daftari na rula. Safari hii aliusoma mara mbili, akaukunja mara nne, akautia kwenye mkoba chini ya leso.

"Hili litakaa kichwani mwangu," akajiambia. "Kompyuta yake na imwambie."

Haukupita mwezi, ukatangazwa mkutano wa wafugaji nyuki wa nchi thelathini na moja. Meneja akawaita wote wawili, akasema bila kupepesa macho: Chekacheka ataandaa vibao vya mkutano huu peke yake. Vikienda sawa, meza ya vibao ni yake, na Bi Vibao atahamia stoo kutunza viti.

"Mama Mkubwa, niazime daftari lako," binti akasema walipotoka. "Hiyo kompyuta siiamini kama ninavyokuamini wewe."

Akampa hapo hapo.

Siku moja kabla ya mkutano, mchana, Bi Vibao aliupitia ukumbi, mikono nyuma, akisoma kibao kimoja kimoja. Kati ya Sudan na Sweden akalikuta: Swaziland. Akasimama. Ilikuwa ni kusema neno moja tu, na binti yuko chumba cha pili anaimba. Moyo ukamcheza kwa furaha ambayo yeye mwenyewe aliionea aibu. Akazima taa, akaenda zake nyumbani.

Asubuhi yake mgeni akafika mapema, mama mmoja mrefu aliyevaa suti ya buluu. Alikitazama kibao, akakilaza kifudifudi taratibu, akaketi. Meneja aliona yote. Aliwavuta wale wawili nje ya mlango.

"Jina hili umelitoa wapi?" akamfokea binti. "Si ulikuwa na daftari?"

Chekacheka alikuwa amelikumbatia hilo daftari kifuani. Kwa mara ya kwanza meno hayakuonekana. Alimtazama Mama Mkubwa wake, kisha akainamisha kichwa.

"Ni mimi, bosi. Nilinakili vibaya. Daftari halina kosa."

"Nilijua! Daftari la huyu mama halijawahi kutuangusha. Wewe utakwenda stoo. Bi Vibao, mwandikie mgeni kibao kingine, haraka, tunaanza baada ya dakika kumi."

Akaketi kwenye meza yake, meza aliyokuwa ameipata tena. Akakunja karatasi, akachovya brashi, akaandika Eswatini kwa mkupuo mmoja, herufi zimenyooka. Ilikuwa kazi safi kuliko yoyote iliyowahi kutoka kwenye ile mashine. Alipogeuka, binti alikuwa amesimama nyuma yake.

"Hukumwuliza mtu jina jipya ni lipi," Chekacheka akasema polepole. "Mimi nilidhani na wewe hukujua, Mama Mkubwa. Ndiyo maana nikakusitiri."

Binti akalifungua daftari pale palipoandikwa Swaziland, akaliweka mezani, akaweka na rula kando yake.

"Andika na humu, basi. Atakayekuja baada yangu asije akaaibika."

Akakibeba kile kibao chenye wino mbichi kwa ncha za vidole, akampelekea mgeni, kisha akashuka ngazi kwenda stoo. Bi Vibao akashika rula. Alijaribu kulikata lile jina la zamani mara tatu, na mara zote tatu mstari ukaenda upande.