Yosefu wa sentimita kumi na tano

Leo nimemnunulia Bikira Maria mume anayetosha kuwa mwanawe.

Yosefu wa pango la Krismasi la mama nilimvunja mimi, nikifuta vumbi. Mama hakunigombeza. Ndiyo maana iliniuma zaidi.

Asubuhi nikampima Maria kwa rula: sentimita kumi na tano. Nikaenda Kariakoo, nikapima sanamu za duka zima.

"Dada, unawashonea suti?" muuzaji akaniuliza.

Nikampata Yosefu wa kumi na tano kamili. Nikarudi nimejaa furaha, nikawaweka pamoja.

Maria amepiga magoti.
Yosefu amesimama.

Hilo sikuliwaza kabisa. (Nina digrii, jamani.) Kichwa chake kinaenea kwenye kiganja cha mkewe.

Mama akatoka jikoni, akaangalia. Nikaanza kuomba msamaha.

"Hebu nyamaza, mwanangu."

Akamchukua Yosefu, akamsogeza nyuma kabisa, kwenye nyasi za mwisho.

"Haya. Sasa yuko mbali. Anatoka kazini."

Na kweli, ukikaa kwenye kochi, unamwona mtu anarudi nyumbani.

Nani mwingine amewahi kupima vizuri akakosea hivi? Niambieni. Mimi bado niko kwenye kochi, namwangalia anavyokuja.